Homa baada ya kutembelea wanyama: hesabu siku kabla ya kumlaumu tumbili

JUMATATU moja jioni dada yangu alinipigia simu kutoka Mabatini. Hakunipa hata nafasi ya kumaliza shikamoo.

"Mdogo wangu, mtoto anachemka. Ni wale tumbili wa Saanane. Nilijua tu!"

Jumamosi yake, darasa la mwanawe lilikuwa limepelekwa kisiwani Saanane. Walipanda boti pale Capri Point, wakazunguka kwenye mawe, wakaona pimbi, swala na tumbili, wakala wali wao chini ya miti na kurudi jioni. Kijana ana miaka minane. Alirudi na hadithi zisizoisha, na alama tatu za kuumwa na wadudu kwenye ndama ya mguu. Mama yake aliziona wakati anamwogesha, akazipuuza. Jumatatu homa ilipopanda, alizikumbuka.

Jirani naye akatia chumvi. Alisema magonjwa mengi ya siku hizi yanatoka kwa nyani, eti yamo kwenye simu, kila mtu ameyasoma. Dada akaenda duka la dawa akanunua dawa ya maji ya kushusha homa, akaamua kusubiri. Kupima malaria hakukumjia akilini. Kwake jambo lilikuwa wazi: mtoto alikuwa mzima, akaenda kwa wanyama, akarudi anaumwa.

Nikiri kosa langu pia. Mimi ndiye mwandishi wa afya katika ukoo wetu, lakini usiku ule nilikaa na simu mkononi nikisoma habari za virusi vya nyani badala ya kumwambia dada neno moja tu: mpeleke akapimwe. Jumanne asubuhi mtoto alikuwa anatapika kila anachopewa, na amelegea kiasi kwamba hakuweza kukaa mwenyewe. Ndipo tulipokimbia naye hospitali.

Kipimo cha tone la damu kidoleni kilionyesha malaria. Alilazwa, akachomwa sindano, na alipoanza kula akaendelea na dawa mseto nyumbani. Leo anacheza mpira. Lakini swali alilotuuliza daktari siku ile ndilo lililonifanya niandike makala hii.

"Wiki mbili zilizopita," aliuliza, "mtoto alikuwa analala wapi?"

Dada alinyamaza. Kisha akasema taratibu: "Alikuwa Sengerema, kwa bibi yake."

Kule walilala wajukuu watano kwenye mkeka mmoja, chandarua ni kimoja, na kilikuwa cha bibi.

Kwa nini mbu wa Jumamosi hahusiki

Mzazi mwenzangu, na nyote mnaolea watoto wa wenzenu, hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunadhani ugonjwa unaanza siku ileile mdudu anapouma. Sivyo.

Mbu anayebeba malaria anapouma, vimelea huenda kwanza kwenye ini. Huko hukaa na kuzaliana kimyakimya, na mtoto hahisi chochote. Vikitoka kwenye ini ndipo huingia kwenye chembe nyekundu za damu na homa huanza. Kwa aina ya malaria inayotusumbua sana hapa kwetu, safari hiyo huchukua siku saba au zaidi, mara nyingi siku tisa mpaka kumi na nne. Kwa hiyo homa ya Jumatatu haiwezi kuwa malaria ya Jumamosi iliyopita. Mbu aliyemuuma yule kijana alifanya hivyo kabla ya safari ya Saanane. Kama alikuwa wa Sengerema au wa hapa Mabatini, hatutajua kamwe. Wa kisiwani hakuwa yeye.

Na tumbili je? Malaria inayowaua watoto wetu inatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, mbu akiwa katikati. Huhitaji tumbili ili uipate. Unahitaji mtu mwenye vimelea kwenye damu, mbu wa aina ya Anofelesi, na usiku mmoja bila chandarua.

Basi jirani alidanganya?

Hapana, hakudanganya kabisa. Yapo magonjwa ambayo wadudu wanaouma huyachukua kwa wanyama na kuyaleta kwa watu, na historia yake kubwa iko hapahapa kwenye ziwa letu.

Ng'ambo ya pili, Entebbe nchini Uganda, kuna taasisi ya utafiti wa virusi iliyoanzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya kuchunguza homa ya manjano. Watafiti wake walikuwa wakiweka nyani kwenye vizimba juu ya miti katika msitu wa Zika, karibu na ziwa, ili wajue mbu wa juu kule wanabeba nini. Aprili 1947 mmoja wa nyani hao alipata homa. Damu yake ilipochunguzwa, kilichopatikana hakikuwa homa ya manjano. Kilikuwa kirusi kipya, wakakipa jina la msitu: Zika. Mwaka uliofuata, 1948, kirusi hichohicho kilipatikana ndani ya mbu wa msitu ule.

Kwa miaka mingi Zika ilionekana ni homa ndogo isiyo na maana. Kisha ikafika Brazil, na kuanzia mwaka 2015 madaktari wakaanza kuona watoto wengi wakizaliwa na vichwa vidogo kupita kiasi, kwa sababu mama zao waliambukizwa wakiwa wajawazito. Februari 2016 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura.

Angalia vizuri kilichotokea. Nyani yule hakumwambukiza mtu. Yeye mwenyewe aliumwa na mbu, na kwa kuugua kwake akawaonyesha watafiti kitu ambacho hakuna aliyekuwa anakijua.

Ndege wa New York

Habari inayofanana na hiyo ilitokea mbali zaidi. Mwaka 1999 huko New York, Marekani, kunguru walianza kufa mitaani. Wakati huohuo wazee kadhaa walilazwa hospitalini wakiwa na uvimbe wa ubongo. Madaktari wa binadamu walikuwa na jibu lao: ugonjwa fulani wa mbu ambao tayari ulijulikana Marekani. Lakini katika bustani ya wanyama ya Bronx, daktari wa mifugo Tracey McNamara aliona ndege wake nao wanakufa, wakiwemo flamingo. Ugonjwa uliotajwa haukuwa na kawaida ya kuua ndege. Hesabu haikukubali, naye hakunyamaza.

Vipimo vilipokamilika, ikaonekana ni kirusi cha West Nile, ambacho hakikuwahi kuonekana katika bara lile. Jina hilo ni la eneo la Uganda, ambako kirusi hicho kiligunduliwa mwaka 1937 katika damu ya mwanamke mwenye homa. Ndege ndio huwa nacho kwa wingi, na mbu aina ya Kuleksi hukichukua kwao na kukipeleka kwa watu. Mwaka ule watu 7 walikufa. Ndege wa bustanini ndio waliosaidia ukweli ujulikane.

Ndiyo maana mimi siwezi kumwambia mzazi asipeleke mtoto kuona wanyama. Mahali ambapo wanyama wanatunzwa na kuangaliwa kila siku na watu wanaojua, ugonjwa unaweza kuonekana mapema. Porini au mtaani mnyama hufa na hakuna anayeuliza.

Saanane yenyewe ina historia ya kujivunia. Ilianzishwa mwaka 1964 kama bustani ya kwanza ya wanyama nchini, ikichukua jina la Mzee Saanane Chawandi aliyekuwa akiishi kisiwani, na mwaka 2013 ikawa hifadhi ya taifa. Mtoto wa Mwanza anayekua bila kufika pale amenyimwa kitu kilicho mlangoni kwake.

Mbung'o ni habari nyingine

Kama familia yenu inakwenda mbali zaidi, mfano Serengeti kupitia lango la Ndabaka, kuna mdudu mwingine wa kumfahamu: mbung'o, ambaye wengine humwita ndorobo. Huyu huuma mchana, na kuuma kwake kunauma kweli. Hubeba vimelea vya malale.

Ziwa letu linaikumbuka malale. Mwanzoni mwa karne iliyopita, upande wa Busoga na visiwa vya Uganda, inakadiriwa iliua zaidi ya watu 250,000, na serikali ya kikoloni ikawahamisha watu kutoka ufukweni. Mwaka 1958, upande wa Nyanza nchini Kenya, watafiti walithibitisha kwamba pongo, yule mnyama wa vichakani, anaweza kubeba vimelea vya malale vinavyoambukiza binadamu. Wanyama wa porini wengi hukaa na vimelea vya aina hiyo bila kuonyesha ugonjwa, wakati ng'ombe wetu wakivipata aina zao hukonda na kufa.

Malale siku hizi imepungua sana, lakini haijaisha. Mwaka 2001 watalii kadhaa wa Ulaya waliotembelea Serengeti na Tarangire walirudi kwao nayo. Dalili ya mwanzo mara nyingi ni kidonda au uvimbe unaouma pale mdudu alipouma, kisha homa, kichwa na uchovu. Malale ya upande wetu huu huenda haraka: mtu huugua ndani ya wiki chache, na isipotibiwa huua. Kwa hiyo ukitoka mbugani ukapata homa, mwambie daktari ulikuwa wapi, hata kama hakukuuliza.

Tuhesabu siku pamoja

Nakuomba uhifadhi sehemu hii kwenye simu yako. Mtoto akipata homa, rudi nyuma kwenye kalenda.

Malaria: siku 7 au zaidi tangu kuumwa, mara nyingi 9 hadi 14. Mbu wake huuma usiku.

Dengi: mara nyingi siku 4 hadi 10. Mbu wake ni Edesi, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni. Huuma mchana, hasa asubuhi na kuelekea jioni. Dar es Salaam inaikumbuka milipuko ya 2014 na 2019.

Chikungunya: mara nyingi siku 4 hadi 8, kwa mbu huyohuyo wa mchana. Ilielezwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 kwenye uwanda wa Makonde huko Newala, na jina lake ni la Kimakonde, likimaanisha kujikunja, kwa sababu viungo huuma mpaka mtu anapinda.

Malale: kwa aina ya upande wetu, mara nyingi wiki 1 hadi 3 baada ya kuumwa na mbung'o.

Hesabu hii si ya kukufanya uwe daktari. Kazi yake ni mbili. Kwanza, inakuzuia kumlaumu asiyehusika ukaacha kumtafuta anayehusika. Pili, inampa daktari habari ambayo kipimo hakiwezi kumpa.

Na sheria iliyo juu ya hesabu zote ni hii: mtoto wa Kanda ya Ziwa akiwa na homa, anapimwa malaria siku hiyohiyo au kesho yake asubuhi. Haijalishi amekwenda wapi, haijalishi jirani amesema nini. Kipimo kikisema hakuna malaria, usimpe dawa mseto kwa kubahatisha, ila rudi naye homa isipoisha.

Usisubiri kabisa ukiona mojawapo ya haya: mtoto hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, ametetemeka kwa degedege, amelegea sana au haamki vizuri. Hayo ni ya kukimbia hospitali, hata kama ni saa nane usiku.

Jambo jingine ambalo wengi hatulijui: kama kuna uwezekano wa dengi, shusha homa kwa parasetamoli tu, kwa kipimo cha umri na uzito wake. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu. Na dengi ina tabia ya kudanganya. Homa inaposhuka ndipo hatari inaweza kuanza: tumbo kuuma sana, kutapika mfululizo, fizi au pua kutoka damu. Usishangilie mapema.

Siku ya matembezi

Sasa, mtoto anapokwenda Saanane au bustani yoyote ya wanyama, fanya haya.

Mvalishe suruali ndefu na shati la mikono mirefu, jepesi lakini lisilobana. Kwa mbugani epuka nguo za bluu iliyokoza na nyeusi. Rangi hizo humvuta mbung'o, na ndiyo maana mitego yake hutengenezwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Kwenye gari fungeni vioo mnapopita vichakani.

Dawa ya kujipaka ya kufukuza wadudu inasaidia mchana. Soma maelezo ya umri kwenye chupa. Mpake wewe mwenyewe, usimwachie mtoto, wala usipake viganja vyake kwa kuwa ataviweka mdomoni na machoni. Mtoto wa chini ya miezi miwili usimpake. Mkinge kwa nguo na chandarua.

Usiogope kila kinachoruka. Vile vijidudu vinavyopaa juu ya ziwa kama moshi, vinavyoingia puani na kujaa kwenye taa, vinakera lakini haviumi. Havina malaria.

Tumbili hatari yake ni meno na kucha. Mfundishe mtoto asimlishe wala kumchezea. Akimng'ata au kumparura, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu kichaa cha mbwa hakichagui mbwa peke yake.

Kisha rudi nyumbani

Baada ya mtoto kutoka hospitali, nilikwenda Mabatini kumwona. Dada alikuwa bado anazungumzia tumbili, nikamwomba tuzunguke nyumba pamoja. Nyuma ya jiko kulikuwa na tairi la zamani lenye maji ya mvua. Ndoo mbili hazikuwa na mifuniko. Hatua chache kutoka uani, kwenye shimo walilofyatulia matofali mwaka jana, maji yalikuwa yamesimama na viluwiluwi vya mbu vinacheza. Ndani, chandarua cha watoto kilikuwa kimefungwa fundo juu ya kitanda, kina tundu ambalo mkono wangu ulipita.

Hakuna tumbili hata mmoja katika orodha hiyo.

Maji ya tairi na ndoo ni ya mbu wa mchana, wa dengi. Dimbwi la shimo la matofali ni la mbu wa malaria. Choo na mtaro wenye maji machafu ni vya Kuleksi, anayetupigia kelele usiku na anayeweza kubeba matende. Tulimwaga maji ya tairi na kulitoboa. Ndoo tukazisugua ndani kwa brashi, kwa sababu mayai ya mbu wa mchana hushikamana na ukuta wa chombo na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, yakisubiri maji. Kusugua ni kila wiki, kwa kuwa yai huweza kuwa mbu ndani ya siku kama saba hadi kumi. Shimo lilifukiwa na vijana wa mtaa kwa ujira wa chakula cha mchana, ugali na sato.

Chandarua tulikishona. Na kingine chenye dawa tulikituma Sengerema kwa bibi, kikubwa, cha kutosha mkeka mzima.

Bibi alipiga simu kushukuru. Akauliza kama mjukuu wake amepona. Nikamwambia amepona, na kwamba likizo ijayo atakuja tena.

"Aje," alisema bibi. "Ila aje na hadithi za hao tumbili, maana mama yake alinieleza mabaya tu."

Tukutane wiki ijayo. Usiku wa leo, kabla hujalala, pitisha mkono kwenye chandarua cha mtoto uone kama kina tundu.